Tope la Chala na Kaburi la Kipini: Uhakiki wa Utafutaji wa Fumo Liyongo wa Kihistoria

1. Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili hakuna mtu aliyetafutwa na wataalamu kwa bidii kama Fumo Liyongo. Kaburi lake huonyeshwa Kipini, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini. Nyimbo zinazonasibishwa kwake zimechapishwa na kufasiriwa tangu karne ya 19. Kisa cha kifo chake, cha sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, hujulikana hata na wanafunzi ambao hawajapata kuiona Pwani. Hata hivyo, anapoulizwa mtaalamu Liyongo aliishi lini, majibu hutofautiana mno. Wapo waliomweka kabla ya karne ya 13, wapo waliomweka katika karne ya 14, na wapo waliomteremsha hadi karne ya 16 au ya 17. Tofauti ya karne nne si jambo dogo. Mtu anayeweza kuhamishwa hivyo bila ya kisa chake kubadilika hata kidogo hajapata bado mahali pake katika historia.

Makala haya hayakusudii kuongeza tarehe nyingine juu ya zile zilizokwisha kutolewa. Yanakusudia kuhakiki njia iliyotumiwa kuzipata. Hoja yake ni kwamba simulizi la Liyongo, kama lilivyotufikia, lina matabaka, na kila tabaka lina umri wake. Na kwamba mara nyingi tarehe iliyotolewa kuwa ni ya Liyongo ni tarehe ya tabaka mojawapo tu la masimulizi yake. Ili hoja hii ieleweke vizuri, itafaa kwanza kuondoka Pwani na kupanda bara hadi nchi ya Taita na Taveta, kwenye ziwa ambalo simulizi lake na historia yake vinaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu na kulinganishwa.

2. Funzo la Chala

Ziwa Chala liko upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, kaskazini ya mji wa Taveta, na mpaka wa Kenya na Tanzania hulikata. Ni shimo la volkano lililojaa maji. Kingo zake ni majabali yanayoshuka wima, na kina chake huzidi mita 90. Mmisionari Charles New alifika hapo mwaka 1871, na baada yake walifuata wasafiri wengine waliotoka Mombasa kwa njia ya misafara iliyopita katika nchi ya Wataita. Katika maandishi ya wasafiri wa karne ile limehifadhiwa simulizi walilolikuta huko: kwamba mahali palipo na ziwa hapo kale palikuwa na kijiji cha Wamasai, kwamba kijiji hicho kiliangamia kwa ghafula pamoja na watu na mifugo yake, na kwamba mwenye kutega sikio ukingoni husikia milio ya ng'ombe ikitoka vilindini.

Msomaji wa simulizi kama hili huvutwa na mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kulidharau na kuliita hekaya. Ya pili ni kuliamini kwa nusu, yaani kusema kwamba hapana budi wenyeji waliuona mlima ukilipuka na kumbukumbu hiyo ikapokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi. Njia hii ya pili inaonekana kuwa ya heshima zaidi kwa wazee, na mwenye kuifuata huweza kujitetea kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Lakini Chala lina shahidi mwingine, nalo ni tope lililolala sakafuni mwake. Mwaka 2016 watafiti wa nchi mbalimbali walitoboa sakafu ya ziwa hilo na kutoa nguzo ya tope yenye urefu wa mita zaidi ya 200, na umri wa tope hilo hukadiriwa kufika kama miaka 250,000. Uchunguzi uliotangulia ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya tope la juu imepangika kwa tabaka nyembamba, moja nyeupe na moja nyeusi. Tabaka nyeupe hutokana na vijimea vidogo mno vya majini vinavyositawi katika majira ya upepo na ukavu. Nyeusi ni ya miezi mingine. Jozi moja ni mwaka mmoja. Hivyo miaka huhesabika katika tope kama inavyohesabika katika shina la mti.

Ni dhahiri, basi, kwamba hakuna kumbukumbu ya binadamu inayoweza kufikia kuzaliwa kwa shimo lile. Zaidi ya hayo, Wamasai wenyewe walienea katika nyanda za chini ya Kilimanjaro karne chache tu zilizopita. Jina lao, kwa hiyo, haliwezi kuwa sehemu ya tukio linalosimuliwa. Je, simulizi ni la uongo? Hapana. Lina habari ya kweli, ila habari hiyo ni ya wakati mwingine. Linatueleza jinsi jirani wa Wamasai walivyowaona wakati linasimuliwa: watu wa nyikani, wenye ng'ombe wengi na nguvu za kuogopwa, ambao maangamizi yao yangeweza kukumbukwa kwa hofu na pengine kwa faraja. Tabaka la Wamasai limelalia juu ya ziwa kuukuu, na ndilo linalosikika.

Mafunzo mawili yanapatikana hapa. La kwanza ni kwamba jina la watu likitajwa katika simulizi hutoa tarehe ya kusimuliwa kwake kabla ya kutoa tarehe ya tukio. La pili ni kwamba mwenye kupima tope huanza juu, kwenye tabaka ambalo umri wake unajulikana, kisha hushuka. Watafutaji wengi wa Liyongo wameanza chini, kwenye giza, na kupanda kuelekea kwenye mwanga. Sehemu zinazofuata zinajaribu kuufuata mpango wa Chala katika habari za Liyongo.

3. Matabaka ya Habari za Liyongo

Tabaka la juu ambalo lina tarehe yenye hakika ni Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na fundi wa kuchonga, aliyewafanyia kazi wataalamu kadhaa wa Kizungu, miongoni mwao Alice Werner. Huu ndio utungo ambao wasomaji wengi wa leo huuita "kisa cha Liyongo", hasa baada ya M. M. Mulokozi kuuchapisha upya katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Ndani yake Liyongo ni shujaa anayechukiwa na Sultani wa Pate kwa sababu ya nguvu na umaarufu wake. Wagala, ambao leo hujulikana kwa jina lao wenyewe la Waoromo, wanamstaajabia na kumwoza mwanamke wao ili wapate mbegu yake. Sultani hupanga hila moja baada ya nyingine, ikiwemo ile ya kikoa cha makoma, ambapo kila mmoja hupanda mkoma kwa zamu na Liyongo alitarajiwa kupigwa mishale akiwa juu. Naye akayaangua makoma kwa mishale akiwa chini.

Chini ya tabaka hili iko hadithi ya nathari iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja. Hadithi hii ni fupi, na Liyongo wake ni mtu mwingine kabisa, kama itakavyoonyeshwa baadaye.

Chini zaidi iko takhmisi ya Liyongo, ambayo Steere pia aliichapisha, na ambayo hunasibishwa kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. Umuhimu wa takhmisi hii kwa mwanahistoria haujatiliwa mkazo wa kutosha. Kwa kanuni ya takhmisi, mtunzi huchukua shairi lililokwisha kuwapo na kuongeza mishororo mitatu juu ya kila miwili ya asili. Hakuna mtu anayeweza kutakhmisi shairi ambalo halipo. Ikiwa unasibishaji huo ni sahihi, basi ni hakika kwamba kufikia wakati wa Sayyid Abdalla lilikuwapo shairi lililojulikana kuwa ni la Liyongo, na lilikuwa limepata heshima kiasi cha kumfanya mwanachuoni mkubwa wa Pwani alione linastahili kupambwa. Huu ndio mwamba wa kwanza imara. Juu yake mtu anaweza kusimama.

Chini ya mwamba huo hakuna hati. Hati za Kiswahili zilizosalia kutoka kabla ya karne ya 18 ni chache sana, na Ibn Battuta, aliyeipita Pwani mwaka 1331 na kuandika juu ya Mogadishu, Mombasa na Kilwa, hakuacha neno lolote juu ya Liyongo. Hali hii inafaa kulinganishwa na ile ya Sundiata wa Mali. Masimulizi ya wagrioti juu ya Sundiata, ambayo D. T. Niane aliyatoa kitabuni mwaka 1960, yamejaa miujiza kama ya Liyongo. Lakini Ibn Khaldun, aliyeandika katika karne ya 14 mbali na Mali na bila ya kuwategemea wagrioti wa leo, alimtaja mfalme huyo na warithi wake. Sundiata ana shahidi wa nje. Liyongo hana. Kwa hiyo kila tarehe ya Liyongo iliyo nyuma ya karne ya 18 ni hitimisho la hoja, na hoja sharti zipimwe moja moja.

4. Hoja Tatu za Wapima Tarehe

Hoja ya kwanza hutegemea Habari za Pate. Kwa mujibu wa habari hizo, Wanabahani walifika Pate kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya 13, na masultani wao wakaiteka miji ya visiwani na ya bara, mmoja baada ya mwingine, katika karne ya 14. Anayezikubali tarehe hizi humweka Liyongo, mkuu wa Ozi na Shaka, kabla ya ushindi huo wa Pate au wakati wake. Udhaifu wa hoja unatokana na shahidi mwenyewe. Nakala tulizo nazo za Habari za Pate ziliandikwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na nyingi kati yake zinatokana na msimulizi mmoja, Bwana Kitini, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Nabahani. Mwaka 1969 Neville Chittick alizipinga tarehe zake za mwanzo na kusema kwamba utawala wa Wanabahani ulianza baadaye sana. Ni kweli kwamba uchimbaji uliofanywa baadaye huko Pate ulionyesha makazi ya kale kuliko alivyodhani Chittick. Lakini ukale wa mji si ukale wa ukoo unaoutawala. Kipande cha chungu hakitaji jina la sultani. Aidha, jina "Fumo" lenyewe, lenye maana ya mkuki na pia ya mkuu, ndilo walilolitumia masultani wengi wa Pate. Huenda Liyongo alilichukua kabla yao. Huenda pia wasimulizi walimvika baadaye vazi la watawala waliowajua.

Hoja ya pili ni ya mahali. Hadithi ya Steere huweka maisha ya Liyongo katika siku za fahari ya Shanga. Shanga ni magofu katika kisiwa cha Pate, na Mark Horton aliyachimba katika miaka ya 1980 na kugundua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hesabu hii Liyongo angekuwa ameishi kabla ya hapo, na hoja inaonekana kuwa na nguvu ya jiwe. Hata hivyo, masimulizi ya kaskazini humtaja Liyongo kuwa mtu wa Shaka, na Shaka ni mji wa bara, katika nchi ya Ozi. Majina haya mawili yanatofautiana kwa sauti moja ya king'ong'o na ulaini wa konsonanti inayofuata. Msimulizi wa Unguja, aliye mbali na Tana kwa safari ya siku nyingi za bahari, angeweza kwa wepisi kulisema moja badala ya jingine, na mwandishi mgeni angeweza kulisikia hivyo. Kabla ya kuukabidhi umri wa Liyongo kwa magofu ya Shanga, ni lazima ithibitishwe kwanza kwamba neno lililosemwa ni Shanga. Wapima tarehe wengi wameiruka hatua hii.

Hoja ya tatu ni ya lugha, nayo ndiyo inayowahusu zaidi wasomaji wa jarida kama hili. Husemwa kwamba tungo za Liyongo zimejaa maneno na miundo iliyokufa, kama vile kitenzi cha wakati uliotimia chenye kiishio cha -ile, na kwamba lugha hiyo, ambayo Steere na wengine waliiita Kingozi, haiwezi kuwa ya karne za karibuni. Ni kweli kwamba miundo hiyo ni ya kale. Lakini ukale wa muundo si ukale wa utungo. Washairi wa Lamu na Pate waliendelea kuitumia miundo hiyo katika ushairi muda mrefu baada ya kutoweka katika mazungumzo, kwa sababu sikio la hadhira lilikwisha kuizoea kuwa ndiyo lugha ya heshima. Mshairi wa karne ya 18 aliyetaka kumsemesha shujaa wa zamani angemsemesha kwa Kingozi, kama vile mtunzi wa leo anavyochukua maneno ya Kiamu kuupa utungo wake uzito. Lugha ya kale, basi, inaweza kuwa kumbukumbu, na inaweza kuwa vazi. Ili kutofautisha, mhakiki anahitaji kuonyesha muundo ambao mwigaji asingeweza kuujua, na kazi hiyo bado haijakamilika. Ndiyo maana kundi la wataalamu, wakiwemo Abdilatif Abdalla, Ahmed Sheikh Nabahany na Gudrun Miehe, walipozikusanya nyimbo hizi katika kitabu kimoja mwaka 2004, waliziita nyimbo zinazonasibishwa kwa Liyongo. Neno hilo moja lina uangalifu ambao makala mengi yaliyotangulia hayakuwa nao.

Juu ya hoja hizi tatu yafaa kurudi kwa Wagala wa utenzi. Waoromo walifika katika nyanda za nyuma ya Pwani ya Kenya katika karne ya 16 na ya 17. Baadhi ya wataalamu wamelitumia jambo hili kumteremsha Liyongo hadi wakati huo. Mtu aliyelielewa funzo la Chala hatakubali haraka. Wagala ni kwa Liyongo kama Wamasai walivyo kwa ziwa: watu wenye nguvu wa nyikani, waliojulikana mno na wasimulizi, na ambao simulizi lisingeweza kuwakosa. Wanatuonyesha kwamba tabaka hili la kisa ni la karne ya 16 au baadaye. Hawatuonyeshi alipoishi Liyongo, wala hawamkani kuwa wa kale zaidi.

5. Mdhalimu na Mdhulumiwa

Uharibifu mkubwa uliofanywa na utafutaji wa tarehe ni kwamba umewafanya wasomaji wayachanganye matabaka yote katika sufuria moja na kukipika kisa kimoja. Matokeo yake ni kwamba tofauti iliyo muhimu kuliko zote haijapata kusomwa ipasavyo.

Katika hadithi ya Steere ya mwaka 1870, Liyongo ni mwenye nguvu anayewaudhi watu wa mji wake na kuwatesa mno. Wao ndio wanaomkamata na kumfunga, na baada ya kutoroka kwake udhia unaendelea. Kifo chake ni ukombozi wa mji. Katika utenzi wa mwaka 1913, Liyongo ni mwungwana aliyeonewa, na dhuluma ni ya Sultani. Kifo chake ni msiba. Visa vya katikati karibu ni vilevile: kufungwa, kijakazi Saada anayeleta chakula, mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, wimbo wa fumbo, kelele za gungu zinazofunika sauti ya tupa, mwana msaliti, sindano ya shaba, na maiti iliyopiga magoti kisimani na upinde umevutwa, watu wasithubutu kuteka maji. Lakini visa vilevile vimepewa hukumu mbili zinazopingana.

Anayemtafuta Liyongo mmoja wa kihistoria hulazimika kuamua ni hukumu ipi iliyo ya kweli, au kuzipuuza zote mbili. Anayesoma kwa matabaka huuliza swali jingine: ni hadhira ipi iliyohitaji hukumu ipi? Hadithi ya Steere ilisimuliwa Unguja, mji wa biashara uliotawaliwa na masultani wa Busaidi, ambako jabari asiyetii utaratibu wa mji angeweza kuonekana kuwa hatari kwa wote. Utenzi uliandikwa na mtu wa Lamu, mji ambao kwa muda mrefu ulishindana na Pate, na ambao watu wake waliwashinda Wapate na wenzao wa Mombasa katika vita vya Shela karibu na mwaka 1812. Kwa hadhira ya Lamu, Sultani wa Pate mwenye hila na hofu hakuwa mgeni. Wala hakukuwa na shida kumpenda mtu wa Ozi aliyeonewa na Pate. Maelezo haya yanaweza kupingwa, lakini yana faida moja ambayo tarehe hazina: yanaifanya tofauti kati ya matini iwe ni ushahidi, badala ya kuwa kero.

Joseph Mbele, katika uchunguzi wake juu ya nani hasa aliye shujaa katika kisa hiki, alikwisha kuonyesha kwamba kukisoma kwa makini kunafungua mambo ambayo utafutaji wa tarehe umeyafunika, hasa nafasi ya wanawake. Bila ya mama, Saada na mkate wake, Liyongo angefia gerezani. Ibrahim Noor Shariff naye, mwaka 1991, alilichunguza upya suala zima la kuwapo kwake katika historia. Kinachobakia ni kuziunganisha kazi za namna hizi mbili, ili mwanahistoria asome kama mhakiki na mhakiki ajue historia.

6. Kinachopiganiwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hili lipewe uzito wote huu. Jibu ni kwamba umri wa Liyongo umetumiwa kwa muda mrefu kama nguzo ya hoja nyingine. Tangu miaka ya 1970, wanafunzi wa Afrika ya Mashariki wamefundishwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni lugha ya kale ya Pwani hii, na kwamba ushahidi mmojawapo ni tungo za Liyongo zilizotungwa kabla ya kuja kwa Wareno. Nia ya hoja hiyo ilikuwa njema. Ilikusudiwa kuwajibu wale waliosema kwamba Kiswahili ni lugha iliyozaliwa na biashara ya Waarabu, isiyo na asili yake.

Lakini nguzo iliyosimikwa penye tope laini huiponza nyumba. Mara tu mpinzani anapoonyesha kwamba tarehe ya Liyongo haina hati, huonekana kana kwamba ameangusha ukale wa Kiswahili wenyewe. Hilo si kweli. Ukale wa Kiswahili una ushahidi ulio imara zaidi. Ulinganishaji wa lugha, kama ulivyofanywa na Derek Nurse, Thomas Spear na Thomas Hinnebusch katika miaka ya 1980 na 1990, umeonyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika kundi la Kisabaki, lugha za Kibantu zilizotokana na mama mmoja zamani sana. Uchimbaji wa Shanga umeonyesha mji uliokua kutoka makazi ya udongo hadi ya mawe bila ya kukatika kwa utamaduni wa wenyeji. Ushahidi huo unasimama wenyewe, hata kama Liyongo angeonekana kuwa ni mtu wa karne ya 17, au ni watu wawili, au ni jina tu.

Liyongo naye angefunguliwa pingu. Angeacha kuwa stakabadhi ya umri wa lugha na kurudi kuwa jambo alilokuwa kwa wasimulizi wake: swali juu ya nguvu na haki, juu ya mtu mkubwa kuliko mji wake, na juu ya damu inayosaliti damu.

7. Hitimisho

Hatua tatu zinafaa kupendekezwa. Kwanza, kila anayemtaja Liyongo katika makala au darasani aseme anamtaja Liyongo wa matini ipi: wa takhmisi, wa Steere, wa Habari za Pate, au wa Kijuma. Kuzitaja zote kwa jina moja ni kuzichanganya tabaka za tope na kisha kulalamika kwamba miaka haihesabiki. Pili, lichapishwe toleo moja linaloweka masimulizi yote ubavu kwa ubavu, kila moja na tarehe yake, mahali pake na jina la msimulizi wake pale linapojulikana, ili mwanafunzi aone kwa macho yake kipi kimebadilika na kipi kimedumu. Yanayodumu katika matini zote, yaani kifungo, mkate, wimbo, sindano na kisima, ndiyo yenye haki ya kwanza ya kudaiwa kuwa ni ya kale.

Tatu, kazi ya namna hii isiachwe Pwani peke yake. Katika milima ya Taita na nyanda za Taveta yako masimulizi ya koo, ya vita na ya mahali, ambayo yamepata wasomaji wachache kuliko ya Lamu. Ann Frontera alipoiandika historia ya Wataveta mwaka 1978, na Bill Bravman ile ya Wataita mwaka 1998, walionyesha ni kiasi gani mzee anayesimulia juu ya zamani anasema pia juu ya siku zake. Idara za lugha zina la kujifunza kutoka kwao. Mwanafunzi anayetumwa Voi, Wundanyi au Taveta kukusanya simulizi la kale asiagizwe kurudi na tarehe. Aagizwe kurudi na jina la msimulizi, mahali aliposimulia, watu waliokuwa wakisikiliza, na maneno yenyewe kama yalivyotoka kinywani.

Kuhusu kaburi la Kipini, haijapatikana sababu ya kulikana wala ya kulikubali. Watu waliolitunza na kulionyesha kwa vizazi kadhaa walikuwa na sababu zao, na sababu hizo nazo ni historia. Mtafiti atakayefika hapo na aanze kwa kuuliza ni nani anayelitunza leo, aliambiwa nini na babu yake, na babu yake aliambiwa na nani. Kutoka hapo ashuke, tabaka kwa tabaka, na asimame pale mkono wake unapoishia.